Nani Aliuangusha Ukuta wa Mizari?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe uliyeegemea mlango ingia ndani. Mwenye muwa auweke kando. Nataka kimya, maana hadithi hii ina watu watatu, na msiposikiliza vizuri mtamwonea mmoja wao.

Enzi za wafalme wa Yuda palikuwa na mji mdogo wa vilimani, ukiitwa Mizari. Humo alikaa Ithieli, aliyejaliwa ndoto: akilala, Bwana humwonyesha. Alikaa Hogla, aliyejaliwa sauti: akisema neno langoni, hata mwenye wasiwasi hurudi kwake ametulia. Alikaa pia Zakuri, aliyejaliwa mikono: ukuta aliopaka chokaa yeye, watu wa bonde la pili waliuona uking'aa.

Na desturi yao ilikuwa hivi. Mwota ndoto hasemi mwenyewe. Humnong'oneza msemaji, msemaji hutangaza langoni, kisha fundi hupaka chokaa ukutani kuwa alama kwamba neno limepokewa. Neno likiwa tamu, watu huleta mikate na makonzi ya shayiri, na hao watatu wakala wakashiba.

Basi mwaka mmoja ukuta wa mji ukapasuka upande wa mashariki, na mvua zilikuwa karibu. Nyumba saba zilikuwa zimeuegemea ukuta ule. Wenye nyumba wakauliza, tuhame au tubaki? Wala hawakumuuliza fundi. Walimuuliza mwota ndoto, ndivyo walivyozoea.

Ithieli akalala, akaota. Aliuona ukuta umelala kifudifudi, akasikia, "Waambie watoke." Akaamka jasho linamtiririka. Akakumbuka mwaka wa nzige ndoto yake ilipotoa neno chungu, wakamrushia samadi mpaka watoto wake wakaogopa kutoka nje. Asubuhi akamwendea Hogla.

"Nimeuona ukuta," akanong'ona.

"Umeuonaje?"

"Nimeuona tu."

"Umesimama?"

Ithieli akatazama vidole vya miguu yake. "Sema utakavyoona, dada."

Hogla akajua. Mtu aliyeonyeshwa heri hatazami miguu yake. Angeweza kumkamata kanzu, kumwambia maliza ulichoanza. Lakini langoni watu walikuwa wamejaa, na mbele kabisa alisimama Tirza, rafiki yake tangu wakiokota masuke pamoja.

"Hogla, mwenzangu," Tirza akasema, "mizigo nimeifunga tangu juzi, mgongo umekwisha. Mume wangu analala juu ya sufuria. Nifungue au niondoke?"

Watu wakacheka. Hogla naye akacheka. Kisha akapaza ile sauti yake. "Bwana asema ni amani. Ukuta utasimama."

Tirza akakaa chini palepale akaanza kufungua kamba, na mkate wa kwanza uliotoka mzigoni akampa Hogla. Ulikuwa wa jana, mgumu kidogo. Hogla akaula wote.

Zakuri akachukua ndoo yake akaenda mashariki. Kabla ya kupaka akatia mkono kwenye ufa. Mkono ukaingia mpaka kiwikoni, na ndani hapakuwa na jiwe lililoshikana na jiwe. Matope matupu.

"Mbona umeganda?" akauliza mkewe, Atara, aliyemletea maji.

"Ukuta huu umeoza."

"Si wametangaza amani? Wewe nani wa kubishana na Bwana? Paka turudi."

Zakuri akapaka. Akapaka mara mbili, ufa usionekane.

Siku ya tatu asubuhi ikashuka mvua ya mawe. Ukuta ukalala kifudifudi juu ya nyumba saba. Tirza akafa, na mumewe, na wengine kumi na wanne. Bintiye Tirza, Noa, alipona kwa kuwa alikuwa kwa shangazi yake.

Walipomaliza kuzika akaja nabii mzee wa mji mwingine, mwanamke, jina lake Yekolia. Akasema, "Kati ya hao watatu, aliyeuangusha ukuta ni mmoja. Bwana asema atoke, jina lake lifutwe katika orodha ya mji, asizikwe kwa baba zake. Mkimtoa asiyestahili, ukuta mpya nao utaanguka."

"Muulize Bwana atutajie jina, mama," akasema mzee mmoja.

"Kutajiwa mmekuzoea sana. Safari hii mtachagua wenyewe."

Wakakutanishwa mbele ya wazee. Ithieli akasema, "Ni mimi. Neno nilipewa, nikalimeza. Hogla angetangazaje asichoambiwa?"

Zakuri akasema, "Mimi ni fundi, hupaka ninachoagizwa." Akautazama mkono wake. "Hapana. Wenzangu walikuwa na habari ya ndoto. Mimi niliugusa ukuta wenyewe."

"Tazameni," akasema mtu wa nyuma, "jana waligombea mikate, leo wanagombea hatia." Hakucheka mtu.

Hogla akasema, "Ithieli alinyamaza. Zakuri alipaka juu ya neno langu. Uongo uliosikika ni wangu, na Tirza aliniuliza mimi."

Noa akasimama. "Mama alipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini, mama mkubwa?"

Hogla akamgeukia. "Nilitaka kuuona uso wake ukitulia," akasema. "Na nikauona."

Sasa, aliyefutwa jina huhesabiwa maiti, na mali yake hugawiwa. Kwa kuwa haikujulikana atakuwa nani, wote watatu wakausia mchana uleule. Shamba la mizeituni la Ithieli akalirithi binamu yake, Maazia. Punda wa Zakuri, pamoja na nyundo na mwiko, akavirithi Atara. Nyumba ya Hogla na mbuzi wake wanne akavirithi Noa, akavipokea bila kumtazama usoni.

Wazee wameingia ndani, hawajatoka. Watatu wamesimama langoni mikono mitupu, na mawe ya ukuta mpya yamerundikwa hayajajengwa. Aliyelimeza neno, aliyelibadili, na aliyelipaka chokaa. Je, wewe ungeamua vipi?