Vifaranga wa Koi wa Siwema

Siwema alikuwa mpangaji wa Bwana Shekalage, na uani alifuga koi, wale samaki wa mapambo wenye mabaka mekundu. Jike alipovimba kwa mayai, mwenye nyumba akaja, kitambi mbele.

"Uwanja ni wangu. Vifaranga wote watakaoanguliwa humu ni wangu!"

"Humu uani, baba?"

"Humu humu!"

"Haya, nimekubali."

Siku zikapita. Shekalage akaja na ndoo, akakuta samaki wakubwa peke yao.

"Vifaranga wako wapi?"

"Koi hula mayai yao, baba, kwa hiyo niliyahamisha mapema. Yameanguliwa kwa jirani."

"Jirani gani? Nikamnyang'anye sasa hivi!"

"Bi Mkubwa, mkeo wa kwanza, hapo nyumba ya pili. Tumeshagawana nusu kwa nusu."

Shekalage akaweka ndoo chini, akaomba maji ya kunywa.