Kamba Ndani ya Dohani

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hata kidole kikiwa na ukucha mgumu kama kwato, pasipo ukucha wa pili wa kumpokea, chawa huteleza akaenda zake. Fenna Harms alikuwa na ukucha wa namna hiyo, na kwa muda mrefu aliamini kwamba unamtosha.

Fenna alikuwa fundi wa boila, mitambo ya kupashia nyumba joto, katika mji mdogo wa Frisia ya Mashariki huko Ujerumani, kule ambako upepo wa bahari huvuma juu ya mashamba bila kukutana na kilima hata kimoja. Karakana alikabidhiwa na baba yake. Kaka yake Focko, fundi wa mapaa, ndiye aliyekuwa mkubwa, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya mazishi ya mzee alimwambia dada yake mbele za watu kwamba karakana itamfia mikononi. Fenna akamjibu kuwa heri ife kuliko yeye aiguse. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Wakikutana dukani, mmoja aligeukia maziwa na mwingine mkate.

Mwezi wa Novemba, mfagia dohani wa wilaya, Bwana Saathoff, alilifunga boila kuukuu la shangazi yao Gesche kwa sababu lilikuwa likivujisha moshi ndani. Kule neno la mfagia dohani ni sheria. Binti wa shangazi, aliyeishi mji wa mbali wa Hannover, akatangaza kwamba mama yake hatapitisha majira ya baridi katika nyumba isiyo na joto. Kama boila jipya lisingepita ukaguzi wa Ijumaa, Jumamosi angemhamishia kwenye nyumba ya wazee, ambako chumba kilikwisha kupatikana. Shangazi Gesche alizaliwa katika nyumba ile. Alimwambia Fenna kwamba akitolewa pale atanyauka kama mche uliong'olewa.

Fenna akalivalia njuga jambo hilo. Kulitundika boila hakukumsumbua. Shughuli ilikuwa bomba la moshi. Boila la siku hizi huukamua moshi joto lake hata ukatoka umepoa na kulowa, na moshi wa namna hiyo hula matofali kama mchwa alavyo boriti. Kwa hiyo hapana budi kupitisha ndani ya dohani bomba la plastiki linalopindika, kutoka juu ya paa hadi chini, likaunganishwe na boila pasipo kuacha hata tundu la sindano.

Tatizo ni kwamba dohani ya shangazi ilikuwa na kiwiko huko darini, mahali wajenzi wa kale walipoikwepesha nguzo. Alhamisi asubuhi Fenna alipanda paani, akateremsha kamba yenye uzito, akaifunga kwenye ncha ya bomba, akasukuma. Bomba likashuka kama nyoka aingiaye shimoni, kisha likagoma kiwikoni. Akashuka ngazi, akaivuta kamba kutoka chini. Bomba likazidi kukaza. Akapanda, akalizungusha, likalegea. Aliposhuka kuvuta, likakaza upya. Ndivyo alivyoshinda, juu chini, chini juu, kama ndoo ya kisimani. Shangazi alipomshauri amwite kaka yake, alijibu kwamba heri aibomoe dohani kwa meno.

Shangazi Gesche hakubishana. Aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akapiga simu.

Fenna alikuwa amepiga magoti mbele ya tundu la dohani, kamba imemlalia mapajani, aliposikia hatua juu ya paa. Kisha nyundo ikagonga matofali huko juu. Ko. Ko-ko.

Fenna akautambua mlio ule. Walipokuwa watoto, baba yao alikuwa akimweka Focko juu na yeye chini, akawafundisha kugonga: mara moja, vuta, mara mbili, simama. Na ule mlio wa moja kisha mbili maana yake ilikuwa, niko tayari, je, wewe? Baada ya mzee kuzikwa, walioujua duniani walibaki wawili tu.

Fenna akaitazama kamba. Akamtazama shangazi yake, aliyesimama mlangoni na birika la chai akijifanya anatafuta sukari. Kugonga kulikuwa kumeza maneno yake ya makaburini, na yalikuwa machungu kama shubiri. Lakini chumba cha nyumba ya wazee kilikuwa kinasubiri. Akainua nyundo yake, akagonga. Ko. Ko-ko.

Kutoka juu ikaja moja. Akavuta. Bomba likasogea, likafika kiwikoni, likagoma. Zikaja mbili. Kisha sauti ikashuka ndani ya dohani, nzito, kama ya mzimu aliyeshiba.

"Nalizungusha kushoto. Usivute kwa hasira."

"Sina hasira."

"Kamba inaniambia mengine."

Fenna akauma mdomo asicheke. "Zungusha, kaka. Mahubiri ni Jumapili."

Akazungusha huyu, akavuta yule, polepole, kwa pumzi moja. Bomba likaguna, likajipinda, likapita. Lilipochungulia kwenye tundu, limejaa masizi puani, shangazi alilipigia makofi kama mgeni aliyefika arusini.

Focko alilivika bomba kofia yake huko juu, akashuka. Fenna alikuwa akiunganisha kipande cha kutoka dohani hadi boila, kila mpira wa kiungo ameupaka maji ya sabuni usije ukajikunja. Kaka yake akainama, akachungulia.

"Umelilaza kinyume," akasema. "Maji ya moshi yatarudi kwenye boila."

"Ndiko kwenye njia yao ya kutokea. Wewe mjuzi wa mvua, mimi wa moshi."

Focko akamgeukia shangazi, akamuuliza ni kigae kipi cha paa alichosema kwenye simu kimeng'oka. Bibi akammiminia chai. "Kimerudi chenyewe," akasema.

Ijumaa Bwana Saathoff alifika na sare yake nyeusi. Shangazi Gesche akamshika kifungo cha koti ili kupata bahati, kama afanyavyo kila mtu. Mfagia dohani akaliwasha boila, akaingiza pua ya kipimo chake katika uwazi unaolizunguka bomba. Kama kiungo kimoja tu kingevuja, kipimo kingenusa. Fenna, Focko na shangazi yao wakasimama bega kwa bega bila kukohoa. Bwana Saathoff akasoma, akapangusa kioo, akasoma tena.

"Hewa safi tupu," akasema, akatia sahihi.

Shangazi alikuwa amekwisha kuinua simu. "Hicho chumba," alimwambia binti yake, "kampe mwenye baridi."

Kisha wakanywa chai. Kule mgeni haondoki kabla ya kikombe cha tatu, na Focko alijua. Alipofika cha tatu, akakizungusha mkononi.

"Naona karakana haikufa."

"Haikufa," Fenna akajibu. "Ila imechoka kupanda ngazi."

"Jumatatu nitakuja na ngazi yangu."

Nje, juu ya paa, mvuke mweupe ulipanda taratibu kutoka kwenye dohani ya Shangazi Gesche, na jirani yeyote aliyeinua macho alijua kwamba bibi yumo ndani, tena ana joto. Ukucha wa Fenna ulikuwa mgumu, na wa Focko vilevile. Lakini bomba lile lilipita siku zilipokutana kucha mbili, kwa maana kidole kimoja hakivunji chawa.