Kwa Nini Firigogo Dume Hubeba Maji Kifuani

Siku hiyo walikuwepo Bokayo, mama kijana, Elema, mtoto wake wa kwanza, ambaye alikuwa bado hajajua kukaa, Wario, mumewe, na bibi Talaso, mama yake Wario. Alikuwepo ngamia wao mweupe, Adi. Na chini ya kichaka kimoja walikuwepo firigogo wawili, wale ndege wa jangwani wanaofanana na njiwa, dume na jike, pamoja na vifaranga wao. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja alifanya jambo lake, na jambo la mmoja lilimgusa mwingine.

Wakati huo firigogo hawakuishi kama mnavyowaona leo mkienda matembezi ya mchana jangwani. Dume alibeba maji kwa mdomo, na kwa mdomo huwezi kuyafikisha mbali. Kwa hiyo walitaga kando ya visima, na mbweha walijua hivyo. Kila msimu vifaranga waliliwa. Hawa wawili walichoka kulia, wakaenda kutaga mbali, katikati ya changarawe, mahali ambapo mbweha hafiki. Kweli, mbweha hakufika. Lakini maji nayo hayakufika.

Watu pia walikuwa tofauti. Mwanamume alichimba kisima na kunywesha ngamia wake hapo hapo kisimani, hakuna aliyemcheka. Lakini kubeba maji njiani ili kumpelekea mtu, hiyo ilikuwa kazi ya mwanamke. Mwanamume aliyeonekana akifanya hivyo alitungiwa wimbo, na wimbo huo ulimfuata mpaka uzeeni.

Desturi ilitaka mtoto wa kwanza apelekwe kwenye kaburi la babu yake, aweke jiwe kwa mkono wake mwenyewe. Kaburi la babu yake Elema lilikuwa lundo la mawe chini ya Kilima Cheusi, ng'ambo ya jangwa. Ukitoka alfajiri, unarudi jua likizama.

Wario alimchagua Adi abebe maji, kwa kuwa hakukuwa na ngamia mpole kama yeye. Lakini Adi alikuwa amezaa karibuni.

"Ngamia anayenyonyesha hasafiri bila ndama wake," bibi Talaso alimwambia.

"Mama, hii ni safari ya mchana tu," Wario alijibu. "Ndama atatuchelewesha."

Wakamwacha ndama zizini. Walipoondoka, Adi aligeuza shingo mara nyingi. Bokayo aliona, moyo ukamuuma.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Bibi Talaso alimwonyesha mjukuu wake kila kitu, kama mtu anayemkabidhi nyumba. "Tazama, Elema, zile ni nyayo za mbuni. Wale kule ni choroa, pembe zao zimenyooka kama mikuki ya baba yako." Mtoto alicheka, akavuta shanga za bibi. Walipofika kwenye kaburi, Bokayo alimshika mkono, vidole vidogo vikafungwa juu ya kijiwe, na kijiwe kikawekwa. Wote watatu walikuwa wameinama, wakimwomba babu ampokee mjukuu wake.

Walipoinuka, Adi hakuwepo. Alikuwa ameikata kamba ya mguu. Walimwona mbali, anakimbia kuelekea kwa ndama wake, na vyombo vya maji vinacheza mgongoni mwake. Wario alimkimbiza mpaka pumzi ikamwishia. Ngamia aliingia katika mazigazi ya joto, miguu yake ikaonekana kama inaelea, kisha hakuonekana tena.

Jua lilikuwa limeshapanda. Kivuli kilikuwa kimoja tu, cha kichaka cha miiba, na chini yake walikuwepo wale firigogo. Jike alikuwa ametandaza mabawa juu ya vifaranga, mdomo wazi, anahema. Hakuruka.

"Wafukuze," bibi Talaso alisema. "Kivuli hakitutoshi."

"Mama, na yeye ananyonyesha," Bokayo alisema.

"Ndege ananyonyesha wapi!" Bibi alicheka, ingawa midomo yake ilikuwa imepasuka. Lakini alijikunja, akawaachia nafasi. Bokayo alining'iniza kitambaa chake cha kichwani kwenye miiba ili kivuli kiongezeke, na ncha moja aliivuta mpaka juu ya yule jike.

Joto lilizidi. Kifua cha Bokayo kilikauka. Elema alinyonya, akaachia, akalia, na kilio chake hakikuwa na machozi. Baadaye hakulia kabisa. Bokayo alimpapasa kichwani, akakuta utosi umebonyea. Kila mama anajua maana yake.

"Baba Elema," alisema polepole. "Mtoto hatafika jioni."

Wakati huo firigogo dume alitua, akamwinamia kifaranga. Mdomoni alikuwa na tone moja. Lilidondoka kwenye changarawe kabla halijamfikia. Aliruka tena, akielekea nyuma ya kilima. Wario alimtazama, akasimama, akamfuata mbio.

Nyuma ya Kilima Cheusi alikuta ufa katika mwamba, na ndani yake maji, baridi, meusi kwa kivuli. Alikunywa. Kisha akatafuta chombo, na hakuwa nacho. Alivua shuka lake, akalilowesha, akalitundika kwenye ncha ya mkuki begani. Hata pale ambapo hakuna jicho la kumwona, aliogopa wimbo. Aliubeba mkuki kama mchungaji anayerudi malishoni, na upepo wa jangwa ukalipiga shuka njia nzima. Alipofika, alilikamua kwa nguvu zake zote. Halikutoa hata tone.

Hakuna aliyemlaumu. Bibi Talaso alilichukua shuka kavu, akamfuta jasho mwanawe usoni.

"Mtoto hawezi kupitishwa kwenye jua hili. Rudi," Bokayo alimwambia. "Usilibebe kama mkuki. Likumbatie kama mtoto."

Wario alirudi. Safari hii aliuacha mkuki pale mwambani. Alilikunja shuka, likanywa maji mpaka likawa zito, akalibana kifuani kwa mikono miwili, akaliinamia upepo usiliguse, akakimbia hivyo, amejikunja, maji yakimtiririka tumboni. Firigogo dume alikuwa ukingoni mwa maji, akamtazama.

Bokayo alishika kona ya shuka, akaiminya juu ya midomo ya Elema. Tone la kwanza liliingia likapotea. La pili pia. La tatu, koo dogo likacheza. Mtoto alimeza. Kisha akalia, na bibi Talaso akapiga vigelegele kwa sauti iliyokauka.

"Mwanangu amebeba maji!" alisema. "Wakikutungia wimbo, mimi ndiye nitakayeuanzisha."

Bibi alikunywa, Bokayo akanywa. Sehemu iliyobaki Bokayo aliikamua juu ya vifaranga, kidogo tu, kwa kuwa ilikuwa imebaki kidogo.

Kisha firigogo dume akarudi. Hakuja na tone mdomoni. Alikuwa ameingia majini, akakilaza kifua chake humo, akayaacha manyoya yanywe. Alisimama wima mbele ya watoto wake, nao wakajisogeza chini yake, wakanyonya manyoya yake kama watoto wa mnyama.

Jioni waliondoka kwa miguu, na katikati ya njia wakakutana na majirani waliokuja na maji. Adi alikuwa amefika nyumbani peke yake, vyombo vikiwa bado vimejaa, na watu walipoona hivyo walielewa.

Na tangu siku hiyo firigogo hutaga mbali na maji bila hofu, na dume ndiye huwabebea watoto maji kwa manyoya ya kifua. Na watu wa jangwa lile wakimpeleka mtoto kaburini kwa babu yake, baba ndiye anayebeba maji, tena kifuani, na ndama huenda pamoja na mama yake.

Elema alikua, akazeeka, na mtoto wa kwanza wa kila mwanawe alimpeleka yeye mwenyewe kuweka jiwe kwenye lundo lile lile.