Kiberiti cha Mama Atuganile

"Aliyewasha tanuri hasafiri." Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia Lusajo maneno hayo, mkaniuliza kwa nini anamzuia kijana kwenda mjini. Hamzuii. Methali hii ilizaliwa bondeni, kwa wachoma matofali, na ilianza namna hii.

Ambilikile alikuwa ameombewa na mjomba wake kazi ya kutunza ghala Dodoma. Aliambiwa afike kabla ya Jumatatu, la sivyo nafasi angepewa mwingine. Alipokuwa akingoja lori la ndizi la kumpeleka, aliomba kibarua kwa Mama Atuganile, mjane aliyekuwa akitengeneza matofali ili ajenge nyumba kabla ya mvua. Ambilikile alibeba na kupanga vizuri, hata mafundi wakampenda.

Asubuhi ya safari alipita kuaga, mfuko begani. Tanuri lilikuwa limekwisha kukandikwa udongo, kuni zimejaa katika midomo yake. Watu walikuwa wamekaa, kiberiti kinapita mkono kwa mkono. Mmoja alisema mkewe mgonjwa, akakipitisha. Mwingine alisema ana msiba ng'ambo ya mto, naye akakipitisha. Mzee Mwasomola, fundi wao mkubwa, alisema macho yake yameingia ukungu, hatofautishi tena moshi na moshi. Ambilikile aliona hiyo ni adabu tu, kama watu wanavyosukumiana kipande cha mwisho cha nyama. Kilipomfikia, akashukuru kwa heshima aliyopewa, akawasha.

Watu walipiga makofi. Kisha wakatulia, wakimtazama. Moto ulianza kufifia kwenye mdomo mmoja, na hakuna aliyeinuka. Akauliza mbona hawachochei.

"Tunakungoja wewe," alisema Mzee Mwasomola.

"Mnaningoja nifanye nini?"

"Useme. Tuongeze, tupunguze, tuzibe. Moto wa tanuri huangaliwa na jicho moja, usiku na mchana, mpaka uishe. Wakiamuru wawili, huku matofali yatayeyuka na kule yatabaki mabichi."

"Lakini mzee, mimi nasafiri sasa hivi."

"Kumbe alidhani tumempa awashe sigara," alisema mmoja wa wapanga matofali, na wenzake wakacheka.

Ambilikile hakucheka. Aliuliza kama mwingine angeweza kumpokea. Akaambiwa waliokataa walikwisha kutoa sababu zao mbele yake. Aliuliza kama moto ungeweza kuzimwa. Akaambiwa tofali lililokwisha kupata moto likipoa ghafla hupasuka. Kila jibu lilimchanganya zaidi. Alikuwa ameomba kibarua tu, na sasa nyumba ya mtu ilikuwa mikononi mwake. Barabarani lori likapiga honi.

"Nenda, baba," alisema Mama Atuganile. "Udongo nitachimba tena. Mvua tu ndiyo siwezi kuiambia iningoje."

Kama mjane angemtukana, Ambilikile angeondoka. Lakini alisimama palepale, akitazama lori, akitazama moshi. Dereva alishuka, akauliza abiria wake yuko wapi. Mzee Mwasomola akamjibu, "Aliyewasha tanuri hasafiri." Dereva akatikisa kichwa, akaenda zake, na maneno hayo akayasimulia kila aliposhusha ndizi.

Ambilikile aliweka mfuko chini. "Ongezeni," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Mzee alimfundisha rangi za moshi, ila kuamua alimwachia yeye. Hata alipoamuru midomo izibwe, hakujua kama amewahi au amechelewa. Tanuri lilipofunguliwa, matofali ya upande wa upepo yalikuwa mabichi, lakini mengi yalikuwa mekundu, ukiyagonga yanalia kama chungu kizima. Mjane akajenga. Kazi ya ghala akapewa mwingine. Je, alifanya vyema? Nimesoma na kufikiri miaka mingi, na bado sina jibu la kuwatosha mjane na mjomba kwa pamoja. Ninachojua ni kwamba Lusajo amekubali kuifundisha kwaya ya watoto, na tiketi ya basi iko mfukoni mwake.

Baadaye Ambilikile alikwenda Dodoma, bila kazi ya kumngoja. Dereva alikuwa yuleyule. Alimzuia mlangoni mwa lori.

"Ndugu yangu, leo hujawasha kitu?"

"Sijawasha."

"Una hakika?"

Ambilikile alifikiri kidogo, kisha akasema ana hakika.

"Basi panda," alisema dereva. "Aliyewasha tanuri hasafiri."