Pishi ya Vuai na Mbinja za Punda

Hebu fikirini, wanangu, lango la soko, na juu yake imetundikwa pishi ya mti, kipimo cha nafaka cha mji mzima. Kila mwenye duka huleta pishi yake hapo, ikalinganishwa mbele ya muuzaji na mnunuzi. Isiyolingana huvunjwa.

Hapo zamani, katika mji huo, alikaa fukara mmoja, mchota maji, jina lake Vuai, na mali yake yote ilikuwa punda mmoja. Punda huyo hakusikia neno wala fimbo. Alikwenda kwa mbinja tu, mluzi wa midomo. Basi Sultani wa mji huo alilelewa na bibi yake, aliyemfunza kuwa kupiga mbinja ni uovu. Ikawa kila asikiapo mbinja moyo wake huchafuka, hata akatoa amri, mbinja isipigwe na mtu yeyote. Vuai akakamatwa kisimani akimpigia punda wake mbinja, akaletwa mbele ya Sultani.

Akauliza kwa adabu, mbinja imemdhuru nani. Sultani akamjibu, "Moyo wangu waniambia ni uovu, nao ni safi. Yatosha. Lete pishi kumi za mtama kabla ya magharibi, ama punda ni wangu."

Vuai akaenda zake, na mtama aliokuwa nao haukujaza kiganja. Jua lilipoinama akarudi na punda wake na ganda la konokono, akaupima mtama kwa ganda hilo mbele ya baraza: moja, mbili, hata kumi.

"Ewe Vuai, hiyo ni nini?"

"Ni pishi, Maulana."

"Pishi ya nani?"

"Yangu. Nimeuuliza moyo wangu, ukasema imetimia. Nao ni safi, nimeoga nao asubuhi."

Sultani akakunja uso. "Mpumbavu wewe. Pishi ya mtu haipimii watu mpaka ilinganishwe langoni, kila mmoja aone."

"Na amri yako, Maulana, ililinganishwa wapi?"

Sultani akawageukia mawaziri wake. Akawauliza, mbinja yadhuru nini. Wakafikiri sana, mmoja akasema huamsha paka. Basi Sultani akacheka, akaifuta amri, akampa Vuai pishi kumi za mtama, za kipimo cha langoni. Hata hivyo punda hakubanduka barazani mpaka Vuai alipopiga mbinja, na Sultani akaziba masikio.

Sultani mwenyewe hakupiga mbinja hata siku ya kufa kwake, wala hapana aliyemlazimisha.

Nanyi, wanangu, kila mtu ana pishi yake nyumbani, na aitunze. Ila mtakapotaka kumpimia jirani, nawaombeni, ikumbukeni ile ya langoni.