Kinyonga Asiye na Pengine

Ngano yaja!
— Ije tuipokee!
Yaja na nani?
— Na wenyewe!

Hapo kale, kabla barabara haijapanda mlimani, walikutana ukingoni mwa msitu wa Kwemzinga. Alikuwapo Shekalaghe, mwenye mlima. Alikuwapo Mandia, mkewe. Alikuwapo Kibua, mwana wao, shoka begani. Alikuwapo mbega. Alikuwapo nguruwe mwitu. Na alikuwapo kinyonga wa pembe mbili. Msimchanganye na yule wa mashambani. Huyu hapatikani popote ila Kwemzinga.

Kibua alitaka kuoa, na kwao asiye na shamba hapewi mke; akataka kufyeka msitu alime. Lakini mila ilisema: kabla ya shoka, wakaao msituni waulizwe.

"Mbega," akauliza Shekalaghe, "unapo pengine pa kukaa?"

"Ninapo, mlima wa pili."

"Nguruwe, unapo pengine?"

"Ninapo. Hata mihogoni kwako."

"Kinyonga, unapo pengine?"

Kimya. Akamwuliza tena. Kimya. Mara ya tatu, jicho moja likamtazama Shekalaghe, la pili likatazama shoka.

"Hajakataa, baba," akasema Kibua.

"Wala hajakubali," akasema Mandia. "Mume wangu, anayemhamisha mtu humfikisha. Mbebe."

"Mimi? Nimbebe kinyonga? Watu watasema nini?"

"Watasema umembeba kinyonga."

Akambeba kapuni. Mlima wa pili, kinyonga akatoka, akagusa jani, akarudi kapuni. Bondeni, akatoka, akagusa jani, akarudi kapuni. Nyikani, akatoka, akagusa jani, akashindwa kurudi. Rangi yake ikawa ya majivu. Enyi mnaonisikiliza, alikuwa anakufa.

Shekalaghe akachuchumaa. Mtu hakuwapo wa kumwona. Angemwacha pale, arudi na kapu tupu, na mwanawe aoe. Lakini akamwokota kwa mkono mtupu, yeye aliyeogopa hata kumgusa, akamtia kapuni, akapanda mlima.

"Baba, kapu tupu?"

"Limejaa."

"Na mimi je?"

"Chukua nusu ya shamba langu la maharage. Maadamu mimi ni hai, hapa haukatwi mti."

"Na baada yako?"

"Baada yangu, mwenye kumwuliza ni wewe."

Ngano yangu nimeitua. Mwenye bega aibebe.

Shekalaghe alikufa masika yaliyofuata.