Pimbi na Mikia ya Wazee

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kanisa lao na redio yao... Nani anacheka huko nyuma? Walikuwa nayo! Iliitwa Redio Kengele, na mlingoti wake ulisimama juu ya mwamba, kando ya kanisa.

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na ukumbi wa dansi wa Fisi. Kila Jumamosi, ndu! ndu! ndu! Masufuria ya waumini yalitikisika jikoni. Vijana wakaanza kutega masikio upande ule, na wazee wa kanisa wakaingiwa na hofu.

Basi Mzee Nyati, mwenyekiti wa kamati ya redio, akaweka sheria. Kila wimbo mpya uimbwe kwanza mbele ya kamati. Mkia wa mzee yeyote ukicheza, basi wimbo huo ni wa dunia, na aliyeuleta anavuliwa joho la kwaya na kutolewa nje ya lango siku hiyohiyo.

Mimi sheria hiyo siipendi hata leo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Wa kwanza kutolewa alikuwa Kanga, mwenye sauti nzuri kuliko wote. Alilia, akaomba, wapi! Nje ya lango Fisi alikuwa anamngoja, amevaa miwani nyeusi.

"Pole, mwanangu! Kwangu kila wimbo unaimbwa. Karibu!"

Kanga akaenda. Alisikika akiimba kwa muda, halafu kimya. Asubuhi moja yakaonekana manyoya yenye madoadoa yakielea mtoni.

Sasa ikafika zamu ya Pimbi. Pimbi mnamjua, mdogo, hana hata mkia. Alikuwa ametunga wimbo wa kumshukuru Mungu kwa mvua, akautia ngoma na kayamba, maana mvua yenyewe haiji kwa kunyata. Mama yake alikuwa mgonjwa, hawezi kupanda mpaka kanisani. Kanisa lake lilikuwa ile redio kando ya kitanda.

"Mwanangu, waimbie wa zamani tu," mama akamsihi. "Habari za Kanga nimezisikia. Sina mtoto mwingine."

"Mama, wa zamani umeshaimbwa. Huu ndio niliopewa."

"Na mkia ukicheza?"

Pimbi akachukua ngoma yake, akatoka.

Akaingia mbele ya kamati. Walikuwa wameketi Mzee Nyati, Mama Kiboko, na Mwinjilisti Ngiri, ambaye mkia wake, jamani, ukishtuka kidogo tu unasimama wima kama mlingoti wa redio. Kupitia dirisha Pimbi akamwona Fisi amefika langoni, anafuta miwani yake. "Hi hi hiii!"

"Shikamooni, wazee wangu," akasema Pimbi.

"Marahaba. Haya, imba," akasema Nyati.

"Kabla ya wangu, wazee, kuna wimbo mwingine unaninyima usingizi. Naogopa ni wa dunia, na unaimbwa humuhumu kanisani. Nisaidieni kuupima, ili aliyeuleta ajulikane."

"Humuhumu?" Nyati akapumua kwa pua, fyuuu! "Tupigie tuusikie!"

"Maneno nayaacha kwanza. Nawapigia mdundo tu."

Pimbi akakaa kwenye ngoma, akapiga mluzi. Ti-ku-ti, ti-ku-ti, chaka chaka! Mkia wa Ngiri, wima! Kijimkia cha Mama Kiboko, pata pata pata! Na ule mkia mrefu wa Nyati ukaanza kuchapa huku na huku, fwa! fwa!, kama unafukuza nzi, na nzi hakuna.

Nyati akautazama mkia wake, akaruka juu. "Dunia! Dunia tupu! Aliyeuleta atoke leo hii!"

"Hata akiwa mkubwa, mzee?"

"Hata akiwa mkubwa!"

"Na kamati nzima inakubali?"

"Tunakubali!" wakajibu Ngiri na Mama Kiboko.

Hapo Pimbi akaanza kupunguza mwendo. Polepole, polepole zaidi, mpaka ukafika mwendo wa kinanda cha kanisani. Kisha akaimba maneno yake: "Tumevuna, Bwana, tumevuna kwa mkono wako..."

Ulikuwa ndio wimbo wa kufungulia Redio Kengele kila asubuhi. Na kila mtu alijua nani aliuleta kanisani.

Mama Kiboko akakohoa. "Nyati, si ndio ule tuliocheza mimi na wewe kwenye ngoma ya mavuno, pembe zako hazijakomaa? Ukauvisha maneno, ukaupeleka kwa marehemu Mchungaji Kobe. Ulikuwa unatetemeka, ukidhani atakufukuza."

"Naye akasema nini?" akauliza Pimbi.

"Akasema ni mzuri, ila upunguzwe mwendo. Si unajua tena, yeye Kobe."

Nyati akatazama dirishani. Fisi alikuwa amesikia kila kitu. Akampungia mkono. "Mwenyekiti! Kwangu kila wimbo unaimbwa!" Na nyuma yake walikuwa wamekwisha kufika ndugu zake. Nyati mzee asiye na kundi, fisi humfanya nini? Mnajua wenyewe.

Nyati akamgeukia Pimbi. "Pimbi, mwanangu, nitakwenda wapi mimi na uzee huu?"

"Kanga naye aliuliza hivyohivyo, mzee."

Nyati akaketi chini, akalia bila kujificha. Kisha akasema, "Lifungeni lango. Sheria yangu imekufa. Na wewe, washa redio uimbe."

Pimbi akaimba wimbo wake wa mvua, na mikia ikacheza mpaka vumbi likatimka. Kule nyumbani mama yake aliivuta redio kifuani, akailalia, akasema, "Yu hai. Mwanangu yu hai."

Fisi aliondoka, lakini ukumbi wake haukufungwa. Jumamosi ilipofika, ndu! ndu! ndu! Na kanisani joho la Kanga lilikuwa bado linaning'inia kwenye msumari wake, halina wa kulivaa. Nyati hakuweza kulitazama.

Wanangu, ukimfukuza mwanao kwa sababu ya ngoma yake, usimlaumu fisi kwa kumfungulia mlango.